MKUNGA ALIYEANDIKA KILA MTOTO: Tumtafute Martha Ballard na ukoo wake

SEHEMU YA 1



Leo sitaongelea homa wala uji wa mtoto. Naanza na swali ambalo manesi huwa tunawauliza mkija kliniki kwa mara ya kwanza mkiwa wajawazito: "Kwenu kuna mtu aliwahi kupata kifafa cha mimba? Kuna mapacha? Kuna presha? Kuna selimundu?" Wengi mnaangalia dari. Mwingine anatoa simu anampigia mama yake, mama naye anasema, "Mimi mwanangu ya bibi yako siyajui, hakuwahi kusema."

Ukiuliza upande wa baba, mtu anakutajia mpaka babu wa nne. Upande wa mama mzaa mama? Tunaishia kwa bibi, na hata bibi tunamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama Fulani. Jina lake mwenyewe limeshapotea.

Msidhani ni sisi tu. Nataka niwapeleke mbali kidogo, Marekani ya enzi za ukoloni wa Mwingereza, tumtafute mwanamke mmoja mkunga aliyeitwa Martha Ballard. Nitawaonyesha jinsi watu wanavyofukua historia ya familia ya mlowezi wa zamani, na jinsi mwanamke huyu alivyokaribia kabisa kufutika. Nina sababu yangu, mtaiona mwishoni.

SEHEMU YA 2: Karatasi zinasema nini?

Martha alizaliwa mwaka 1735 katika mji mdogo wa Oxford, Massachusetts. Wakati huo hakukuwa na nchi inayoitwa Marekani. Massachusetts ilikuwa koloni la mfalme wa Uingereza, na watu wake wengi walikuwa wakulima waliotokana na walowezi wa Kiingereza. Baba yake aliitwa Elijah Moore. Mama yake aliitwa Dorothy Learned kabla ya kuolewa.

Tunajuaje? Miji ya Massachusetts ilikuwa na utaratibu mzuri: karani wa mji aliandika vizazi, ndoa na vifo kwenye daftari. Makanisa nayo yaliandika ubatizo. Ongeza mawe ya makaburini, hati za mashamba na wosia. Ndiyo maana mtu anayetafuta ukoo wa mlowezi wa huko anaanzia kwenye ofisi ya mji.

Kwa mwanaume kazi ni nyepesi. Amenunua shamba, jina lipo. Amelipa kodi, jina lipo. Amegombana na jirani wakafikishana mahakamani, jina lipo.

Sasa njoo kwa mwanamke. Mwaka 1754 Martha Moore aliolewa na Ephraim Ballard. Kuanzia siku ile "Martha Moore" akatoweka kwenye karatasi. Kwa sheria ya Kiingereza ya wakati ule, mke hakuwa na mali yake mwenyewe: kiwanja, ng'ombe, hata pesa aliyoipata kwa jasho lake vilihesabika vya mume. Kama huna mali huandiki wosia, na kama huandiki wosia, mjukuu wako hana karatasi ya kukutafutia.

Mwaka 1790, nchi ikiwa tayari imepata uhuru, ilifanyika sensa ya kwanza. Unajua waliandika nini? Jina la mkuu wa kaya tu. Wengine wote ndani ya nyumba waliandikwa kwa idadi: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watumwa wangapi. Sensa ya nchi ile ilianza kumwandika kila mtu huru kwa jina lake mwaka 1850. Yaani mama wa watoto tisa, mkunga anayejulikana mto mzima, kwenye sensa ni kijitarakimu kwenye mstari wa mumewe.

SEHEMU YA 3: Akina Dorothy wanne

Hapa kuna mtego, na nawaambia kwa sababu hata kwetu upo.

Mama yake Martha aliitwa Dorothy. Ndugu yake Martha wa kike aliitwa Dorothy. Martha akazaa binti, akamwita Dorothy. Baadaye akazaa binti mwingine, naye akamwita Dorothy! Ukikurupuka kwenye madaftari utamwozesha marehemu na utamzika aliye hai.

Kwa nini mama aite watoto wawili jina moja? Hapo ndipo pananiuma kila ninapopasoma.

Mwaka 1769 Oxford iliingiwa na dondakoo. Huu ni ugonjwa wa koo: unatengeneza utando mzito kooni, mtoto anahangaika kupumua, na sumu yake inakwenda mpaka kwenye moyo. Wakati ule hakukuwa na chanjo. Dawa ya kupambana na sumu yake ilikuja zaidi ya miaka mia moja baadaye. Katika mji ule mdogo walikufa watu 144, wengi wao watoto.

Martha alikuwa na watoto sita, na mimba ya wa saba imeshakuwa kubwa. Kati ya tarehe 17 Juni na 5 Julai alizika mabinti watatu. Triphene, miaka minne. Dorothy, miaka miwili. Martha, jina lake mwenyewe, miaka minane. Chini ya wiki tatu, makaburi matatu. Tarehe 6 Agosti akajifungua Hannah.

Soma tena hizo tarehe taratibu, wewe uliyewahi kulea mimba huku unauguza.

Miaka mitatu baadaye akapata binti mwingine, akamrudishia jina: Dorothy. Nyumbani wakamwita Dolly. Kwetu tungesema amemrithisha jina marehemu. Basi ndivyo walivyofanya na wao, na huyo Dolly mshike vizuri kichwani, tutamhitaji.

(Mama mwenye mtoto mdogo: dondakoo limo kwenye ile chanjo ya pamoja inayochomwa pajani akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto akilia dakika tano ukataka kuahirisha ya tatu, mkumbuke Martha. Nisiseme zaidi.)

SEHEMU YA 4: Kuhamia mtoni

Ephraim alikuwa mpima ardhi na mtu wa mashine za maji za kupasulia mbao na kusagia nafaka. Mwaka 1775 alikwenda kaskazini kutafuta maisha kando ya mto Kennebec, sehemu ambayo leo ni jimbo la Maine. Mwaka 1777 Martha akamfuata na watoto. Walikaa Hallowell, na sehemu waliyoishi baadaye ikawa mji wa Augusta.

Niseme jambo moja kwa uwazi. Ardhi ile haikuwa tupu ikisubiri wageni. Ilikuwa ya Waabenaki, walioishi na kuvua kwenye mto ule vizazi na vizazi kabla ya mlowezi wa kwanza kufika. Vita, maradhi na hati za ardhi zilizoandikwa kwa lugha ya mgeni viliwasukuma pembeni. Ephraim alikuwa akipima viwanja kwa ajili ya kampuni ya wenye hati hizo. Ukifuatilia ukoo wa mlowezi, utakutana na shamba. Na ukikutana na shamba, uliza lilikuwa la nani kabla. Ukoo wa mmoja una majina hadi kwenye mawe, wa mwingine haukuandikwa hata mstari.

Kule mtoni Martha akawa mkunga. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini, amezaa tisa, amezika watatu. Hakusoma chuo. Alijifunza kama bibi zetu walivyojifunza: kwa kukaa pembeni ya kitanda cha mwenzake, kuangalia, na kushika.

SEHEMU YA 5: Daftari

Sasa ndio tunafika penyewe. Tarehe 1 Januari 1785 Martha akaanza kuandika shajara, yaani daftari la mambo ya kila siku. Akaandika kila siku kwa miaka 27, mpaka Mei 1812. Hesabu ni karibu siku elfu kumi.

Aliandika nini? Hali ya hewa. Nani amekuja, nani anaumwa. Kitambaa kilichofumwa, maharage yaliyopandwa. Na vizazi. Kila mtoto aliyemzalisha alimpa namba pembeni ya ukurasa. Malipo yake ya kawaida yalikuwa shilingi sita, na akishalipwa anaweka alama mbili za X. Mkisikia sisi manesi tunasisitiza kujaza rejista, si roho mbaya. Hii ni rejista ya miaka mia mbili na zaidi, na bado inasomeka.

Jumla yake ndani ya daftari: vizazi 816.

Alivifikiaje? Kwa mtumbwi, kwa farasi, kwa miguu juu ya mto ulioganda barafu. Aliwahi kudondoka kwenye farasi, akainuka akaendelea, kwa sababu uchungu haumsubiri mtu. Akifika hakimbilii kuondoka. Analala pale, anasubiri, majirani wanawake wamekusanyika, mtoto anatoka, mama anawekwa sawa, ndipo anarudi kwake akute nguo hazijafuliwa.

Na matokeo? Katika vizazi vyote hivyo akina mama waliofariki ni watano, na walifariki siku za baada ya kujifungua, si wakati wa kujifungua kwenyewe. Hakuna damu ya kuongezewa, hakuna upasuaji, hakuna dawa ya kuua vijidudu. Mimi ninayefanya kazi hii nikiisoma hesabu hiyo nanyamaza. Halafu najikumbusha: watano wale nao walikuwa na majina na watoto. Na baada ya kujifungua ndiyo siku ambazo mpaka leo mama akishatoka wodini tunamsahau, macho yote kwa mtoto. Homa, damu nyingi, kichwa kinachogonga: usikae navyo nyumbani.

SEHEMU YA 6: Siri iliyotajwa kwenye uchungu

Wanaotafuta koo wanajua swali gumu kuliko yote: baba ni nani? Karatasi inasema moja, kitanda kinasema lingine.

Massachusetts ilikuwa na sheria ya ajabu kidogo. Binti aliyepata mimba bila ndoa aliulizwa na mkunga katikati ya uchungu amtaje baba wa mtoto. Waliamini katika maumivu yale mtu hawezi kusema uongo. Akimtaja, na akasimamia neno lake, mwanaume aliweza kubebeshwa gharama za kumlea mtoto. Kwa hiyo mkunga alikuwa pia shahidi wa mahakama.

Oktoba 1791 Martha aliitwa kumzalisha binti aliyeitwa Sally Pierce. Akauliza swali lake kama kawaida. Sally akamtaja Jonathan Ballard.

Jonathan ni mtoto wa Martha wa kumzaa.

Jamani, weka nafsi yako pale. Mikono yako imemshika mjukuu, sikio lako limesikia jina la mwanao. Wangapi kati yetu wangelimeza lile jina likaishia palepale? Martha alirudi nyumbani akaliandika kwenye daftari kama alivyoandika ya wengine. Mwaka uliofuata Jonathan akamwoa Sally.

Wala hawakuwa peke yao. Mtafiti aliyekuja kuchambua daftari lile aliangalia wanawake 106 waliozaa mtoto wa kwanza mikononi mwa Martha kati ya 1785 na 1797. Karibu wanne katika kila kumi mimba iliingia kabla ya ndoa. Kwa hiyo yule anayekwambia "zamani watu walikuwa na adabu, siku hizi ndio mmeharibika," mwambie zamani wakunga walikuwa wanaandika.

SEHEMU YA 7: Nusura apotee

Maisha hayakumlainikia uzeeni. Mwaka 1804 Ephraim alifungwa kwa deni: alikuwa mkusanyaji wa kodi, na fedha alizotakiwa kuwasilisha hazikutimia. Mzee amewekwa jela, Martha na umri wa karibu miaka 70 anabaki anatafuta kuni, na nyumba ile ile wakaja kuishi Jonathan na Sally na watoto wao. Ukisoma kurasa za kipindi kile utaona kwamba kuishi na mkwe hakukuanza leo.

Hata hivyo aliendelea kuzalisha. Mtoto wa mwisho alimpokea mwaka 1812, wiki chache tu kabla ya yeye mwenyewe kufariki akiwa na miaka 77.

Gazeti la mji likatoa tangazo la kifo. Lilikuwa na sentensi moja: amefariki Bi Martha, mke wa Bwana Ephraim Ballard, miaka 77. Basi. Neno mkunga halimo. Vizazi 816 havimo. Kama ungetafuta ukoo huu kwa karatasi za ofisini peke yake, hapo ndipo ungefika: jina la mume na umri.

Kilichomwokoa ni binti. Mnamkumbuka Dolly, yule aliyepewa jina la marehemu? Kurasa zilibaki kwake. Dolly alipofariki zikashikwa na mabinti zake. Hawakuzichoma, hawakuzifungia karanga. Mwaka 1884 wakamkabidhi binti mmoja wa ukoo aliyekuwa amehitimu udaktari mwaka uleule, jina lake Mary Hobart. Hesabuni nami: Dolly ni mtoto wa Martha, wanaofuata ni wajukuu, kisha kitukuu, na Mary ni kilembwe. Akawa daktari wa akina mama Boston, zama ambazo mwanamke kuwa daktari lilikuwa jambo la kushangaza watu. Mwaka 1930 Mary akalipeleka daftari kwenye Maktaba ya Jimbo la Maine, ambako lipo salama.

Hata hapo, wanahistoria waliolifungua waliona mambo madogo madogo ya nyumbani, wakalifunga. Mpaka alipokuja mwanamke mwingine, Laurel Thatcher Ulrich. Yeye akalisoma siku kwa siku, akalilinganisha na madaftari ya mji, ya kodi na ya mahakama, majina yakaanza kukaa mahali pake: nani mke wa nani, mtoto yupi wa nani, nani alifariki lini. Kitabu chake kilitoka mwaka 1990, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer ya historia. Kila ukoo wa bonde lile la Kennebec ukapata bibi zake.

Na tawi moja la mwisho, hili manesi wenzangu mtalipenda. Yule Dorothy ndugu yake Martha aliolewa na tabibu aliyeitwa Stephen Barton. Mmoja wa wajukuu wao, aliyezaliwa mwaka 1821 palepale Oxford, ni Clara Barton, mwanamke aliyehudumia majeruhi vitani na mwaka 1881 akaanzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani. Yaani Martha ni ndugu wa bibi yake Clara. Mkunga, muuguzi, daktari, wote wa mti mmoja. Sisemi kazi hii inakaa kwenye damu. Nasema watoto wa kike huona bibi zao wanafanya nini, au husimuliwa.

SEHEMU YA 8: Sababu yangu

Nimewazungusha mpaka Maine na barafu zake kwa ajili ya jambo hili moja. Ofisi haikumkumbuka Martha. Gazeti halikumkumbuka. Alikumbukwa kwa sababu aliandika, na kwa sababu binti yake alitunza.

Kwetu tuna mabibi waliozalisha kijiji kizima na hakuna aliyewahesabia hata mmoja. Wengine bado wapo, wamekaa barazani wanachambua mchicha. Wanajua nani alijifungua mapacha, nani alitokwa damu nyingi, mtoto gani alifariki na kwa nini, na mtoto yupi wa kaka alilelewa kama wa nyumbani. Siku wakiondoka wanaondoka nayo.

Kwa hiyo wiki hii nawaomba. Chukua daftari la kawaida la mtoto wa shule. Ukurasa wa kwanza andika jina lako kamili, halafu jina la mama yako kabla hajaolewa, halafu la bibi mzaa mama, halafu la mama yake. Ukikwama, piga simu leo, usingoje msiba. Mbele ya kila jina andika: alizaa wangapi, waliopona wangapi, alipata shida gani kwenye mimba, alifariki kwa nini. Waliofariki wadogo nao waandike majina. Martha aliwaandika wake: miaka kumi na saba baada ya dondakoo, tarehe ya kifo cha Triphene ilipofika, bado aliikumbuka kwenye ukurasa.

Ukurasa wa pili weka watoto wako: tarehe, saa, uzito, mahali, aliyekuzalisha, na chanjo walizopata. Kadi ya kliniki hunyeshewa, hupotea, huliwa na panya. Daftari likiwepo, nesi atakayekupokea mimba ya pili hatakuuliza ukaangalia dari.

Na mwambie binti yako linakaa wapi.

Mkishaandika, niambieni hapa chini jina la bibi mzaa mama wa mama yako. Jina lake mwenyewe, si Mama Fulani. Nitayasoma yote.